Sintaksia na fonolojia: mapacha au majirani tu? Ulinganisho kwa anayechagua nadharia ya tasnifu

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma uzamili wa isimu. Juzi kaja nyumbani na daftari lake akaniuliza swali ambalo na mimi lilinitesa sana enzi zangu: dada, hivi muundo wa sentensi na muundo wa silabi ni kitu kimoja au ni vitu viwili? Msimamizi wake kamwambia achague nadharia kabla mwezi haujaisha, na yeye kwenye kusoma kakutana na watu wanaochora silabi kwa miti ileile ya sentensi, yaani michoro ya matawi, halafu kakutana na wengine wanaosema fonolojia, yaani mfumo wa sauti za lugha, iachwe na mambo yake. Tuliongea mpaka chai ikapoa. Naandika hapa kwa sababu najua wenye swali hili ni wengi na wengi wanachagua kwa kuangalia tu msimamizi anapenda nini.

Kambi ziko mbili kubwa. Ya kwanza naiita kambi ya mapacha: lugha ina njia moja ya kujenga vitu, unachukua kitu kikuu, unakizungushia vitegemezi, na njia hiyo inafanya kazi kwenye sentensi na kwenye sauti vilevile. John Anderson wa Edinburgh ndiye aliyeisema wazi zaidi, kwamba tutegemee miundo ifanane pande zote mbili, na pale isipofanana tofauti itokane na malighafi yenyewe, yaani sauti ni sauti na maana ni maana. Jonathan Kaye, Jean Lowenstamm na Jean-Roger Vergnaud kuanzia 1985 wakaenda mbali zaidi, wakachukua dhana ya utawala, yaani kipande kimoja kukitawala kingine, ambayo mwanaisimu Noam Chomsky alikuwa anaitumia kwenye sintaksia, yaani muundo wa sentensi, wakaileta mzima mzima kwenye silabi. Ya pili ni kambi ya majirani: Sylvain Bromberger na Morris Halle, 1989, walisema fonolojia ni kitu tofauti, kazi yake ni kutoa umbo la neno lililohifadhiwa kichwani na kulifikisha mdomoni kwa kanuni zinazofuatana moja baada ya nyingine, wakati sintaksia haiendi hivyo tena. Kumbuka Halle huyohuyo ndiye aliyeandika na Chomsky ile kazi kubwa ya fonolojia ya 1968, kwa hiyo hakuwa mtu wa nje anayepiga kelele.

Na wazo la mapacha si jipya kama wengi wanavyodhani, mwaka 1947 Kenneth Pike na dada yake Eunice Pike walikuwa wameshachukua silabi za Kimazateko cha Meksiko wakazigawa kwa vipande vya ndani na nje kama wenzao walivyokuwa wanagawa sentensi. Miti ikaja baadaye, uzoefu wa kuona kwamba sauti nazo zina matabaka ulikuwepo.

Sasa tuingie kwenye Kiswahili chetu maana huko ndo utapata jibu, siyo kwenye majina ya watu.

Hoja nzuri kuliko zote ya mapacha kwangu mimi ni neno mbuni. Andika m-b-u-n-i halafu mpe mtu asome. Kama ni yule ndege mkubwa, silabi ni mbili, mbu-ni, ile mb inatamkwa kwa pamoja kama kwenye mbegu. Kama ni mti wa kahawa au mtu anayebuni kitu, silabi ni tatu, m-bu-ni, ile m imekaa peke yake na ina pigo lake. Herufi zilezile, mpangilio uleule, mabano tofauti. Weka pembeni yake "walimu na wanafunzi wapya". Nani wapya hapo? Ukifunga mabano kwenye wanafunzi wapya, walimu si lazima wawe wapya. Ukifunga kwenye walimu na wanafunzi, wote wapya. Maneno yaleyale, mpangilio uleule, mabano tofauti. Ukiviweka hivi viwili pamoja unaona kabisa mbona kuna watu waliamini ni mkono mmoja umefanya kazi zote mbili. Mimi niliamini hivyo, na tasnifu yangu niliijenga juu ya hilo.

Lakini sogea karibu kidogo. Kwenye walimu na wanafunzi wapya, mabano yenyewe ndiyo yanaleta maana. Hamna kingine kilichobadilika, kila neno ni lilelile na maana yake ileile, tofauti yote imetoka kwenye nani kaungwa na nani. Kwenye mbuni, maana haikutoka kwenye mabano. Imetoka kwenye ukweli kwamba moja ni m- ya ngeli imepachikwa kwenye buni na nyingine ni nomino ya ngeli ya i-/zi-. Silabi zimefuata tu, hazijajenga maana. Hii tofauti naiona ni kubwa kuliko watu wa mapacha wanavyokubali. Sintaksia inajumlisha maana ya vipande ikapata maana ya kitu kizima, fonolojia haijumlishi kitu, ba na ta hazina maana zake ambazo zikikutana zinakuwa bata.

Hoja ya pili ya mapacha, na hii bado naiheshimu, ni ya neno kuu. Kila kirai, yaani fungu la maneno, kina neno kuu, ndilo linalolazimisha mengine: watoto wadogo wawili wamelala, watoto wamekaa mwanzo, wa- ikafuata kote. Silabi nayo ina kiini, kwa kawaida irabu, na bila kiini hamna silabi. Sasa tazama mtu. Hapo m haina irabu ila ina pigo lake na hata mkazo unakaa juu yake, kwa sababu mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho na silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo hiyo m. Zamani ilikuwa mu-, u ikadondoka, m ikakalia kiti. Na u haijapotea kabisa, kwenye mwalimu na mwizi ile w ndiyo u iliyogeuka mbele ya irabu. Kwenye sintaksia nako kuna kukalia kiti: ukisema "wadogo wamelala", nomino haipo, kivumishi kimeshika nafasi yake na kitenzi kinapatana nacho bila tatizo. Kiini kimeondoka, jirani yake kakalia. Pande zote mbili ukuu ni nafasi, siyo aina ya kitu kilichokaa pale.

Nilifurahi sana nilipoliona hilo. Nikachora miti ya eksi-baa, ile ya sintaksia inayomwekea neno kuu tabaka juu ya tabaka, kwa silabi za Kiswahili kurasa na kurasa, mwanzo huku, kiini kule, juu yao tabaka jingine, juu yake tena jingine. Siku ya utetezi mtahini mmoja akaniuliza swali dogo tu. Akasema, kirai nakijua ni kirai kwa sababu naweza kukihamisha, naweza kukibadilishia neno moja kama "yule", naweza kukiunga na kingine kwa "na". Haya, hilo tabaka lako la katikati ndani ya silabi ulilipima kwa nini? Nilisimama pale sina jibu. Nilikuwa nimechora kwa sababu mti unapendeza na unafanana na mti wa sentensi, sikuwa na kipimo. Walinirudishia sura nzima nikaiandike upya na ilinichukua miezi minne, ndo maana suala hili nalibeba moyoni mpaka leo.

Jibu nililipata baadaye na lilikuwa karibu tu: kinyume. Ule mchezo wa watoto wa pwani wa kugeuza maneno ili wasioujua wasielewe, silabi ya mwisho inapelekwa mbele, maji inakuwa jima, kitabu inakuwa bukita. Hicho ndicho kipimo cha kuhamisha cha upande wa sauti, na kinaonyesha kwamba silabi ni kipande halali kwa sababu inahama nzima, konsonanti na irabu yake zikiwa zimeshikana. Lakini hakikuonyeshi tabaka lingine ndani ya silabi. Na kwa Kiswahili ambacho silabi zake za asili zinaishia na irabu, lile tabaka linaloshika kiini na konsonanti inayokifuata halina kazi, kwa sababu konsonanti inayofuata haipo. Maneno ya kukopa kama daktari na elfu yanayo, sawa, ila huwezi kujenga muundo wa lugha nzima kwa ajili ya wageni wachache. Kwa hiyo ndani ya silabi ya Kiswahili ushahidi wa mti ni mwembamba mno, na anayechora matabaka matatu anatakiwa aonyeshe kayapata wapi.

Sasa hapa pa kuzama, upatanisho. Mapacha wanasema tazama, sintaksia ina upatanisho wa kisarufi, fonolojia ina upatanifu wa irabu, ni kitu kilekile, sifa ya kimoja inaenea kwa vingine. Ni kweli ukitazama haraka: pika inatoa pikia, ruka rukia, pata patia, lakini soma somea, cheza chezea. Shina likiwa na e au o, kiambishi -i- kinashuka kuwa -e-. Sifa ya shina imeenea. Na inaendelea kiungo kwa kiungo: som-esh-e-an-a, yaani somesheana, e inashikana na e iliyotangulia.

Chukua sasa gomba. Gombeza, kuna e kama tulivyotarajia, shina lina o. Halafu gombana, na ukitaka kusema umewafanya watu wagombane, unasema gombanisha. Siyo gombanesha. Shina ni lilelile gomb-, o yake ipo palepale, lakini katikati imeingia -an- na ile a imekata kamba. Kiambishi hakioni o tena, kinaiona a iliyo jirani yake na kwa a jibu ni -i-. Irabu inamsikiliza jirani wa karibu tu, mtu akisimama katikati habari haipiti.

Linganisha na hii: "Kitabu ambacho mwalimu aliyehamia Tanga mwaka jana alininunulia kimepotea." Kimepotea inapatana na kitabu. Katikati kasimama mwalimu, kasimama na Tanga, umesimama na mwaka, kuna vitenzi viwili vinavyopatana na mwalimu kwa a-, na ki- ya mwisho haikubabaika hata kidogo. Tena ukiangalia vizuri kuna jozi ndani ya jozi: nje kitabu na kimepotea, ndani mwalimu na alininunulia. Unaweza kuongeza nyingine ndani kwa ndani, itachosha kusikiliza ila sarufi haikatazi. Upatanifu wa irabu hauna huo uwezo wa kufungua mabano, kufungua mengine ndani, kufunga ya ndani halafu ukumbuke kufunga ya nje. Unaenda kama watu wanaopokezana ndoo za maji, kila mmoja anamjua wa kulia na wa kushoto basi.

Wanaopima lugha kwa hesabu wameliweka hili wazi. Ronald Kaplan na Martin Kay mwaka 1994 walionyesha kanuni za fonolojia kwa ujumla zinaweza kuendeshwa na mashine rahisi yenye kumbukumbu yenye kikomo, na Stuart Shieber 1985 kwa kutumia Kijerumani cha Uswisi alishaonyesha kwamba sintaksia inahitaji nguvu kubwa zaidi hata ya zile sarufi za miti ya kawaida. Jeffrey Heinz na William Idsardi 2011 wakaviweka pamoja, maneno na sentensi haziko ngazi moja ya ugumu. Sasa mtu wa mapacha anaweza kujitetea kwamba njia ni moja ila fonolojia haiitumii yote. Inawezekana, lakini hapo mzigo wa kueleza kwa nini haiitumii unakuwa wake, na wengi hawaelezi.

Nadharia ya Umbo Upeo ya Alan Prince na Paul Smolensky ya 1993 watu wanaitumia kama njia ya tatu, kanuni zinashindana na inayopewa kipaumbele inashinda, na imejaribiwa pande zote mbili. Kwenye fonolojia imekaa vizuri sana hasa kwa maneno ya kukopa, ukitaka kueleza mbona club imekuwa kilabu lakini stesheni imebaki na st yake, hiyo ndiyo chombo. Kwenye sintaksia haijashika kwa kiasi hicho. Sisemi zaidi hapo.

Pia usisahau kwamba majirani wanaongea, na hili ndilo eneo ambalo mimi ningependa vijana wengi zaidi waende. Umekula na umekula? zina maneno yaleyale, kiimbo peke yake ndicho kinachosema ipi ni swali. Chukua na anakula: mbona siyo anala, wakati tunasema hali na hajala bila ku-? Kwa sababu shina -la lina silabi moja, mkazo ungeangukia kwenye -na-, na -na- ya njeo haibebi mkazo, ikabidi ku- ibaki ishike nafasi hiyo. Hapo sauti imeingilia ujenzi wa kitenzi. Halafu kuna Chimwini, lugha ya Barawa kule Somalia, ndugu wa karibu kabisa wa Kiswahili, ambayo ina irabu ndefu na fupi. Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, mwenyeji wa lugha yenyewe, walionyesha kwamba irabu ndefu inabaki ndefu ikiwa karibu na mwisho wa kirai, neno likiongezewa lingine nyuma yake ndani ya kirai hichohicho, urefu unapotea. Yaani ukisikiliza urefu wa irabu unasikia mipaka ya sintaksia kwa masikio. Elisabeth Selkirk mwaka 1986 akaitumia data hiyohiyo kueleza jinsi virai vya sauti vinavyokatwa kwa kufuata virai vya sarufi, na vipande hivyo vya sauti havilingani moja kwa moja na vya sintaksia, vinavifuata kwa upande mmoja tu wa mpaka. Kama vingekuwa kitu kimoja visingehitaji kutafsiriana.

Kwa hiyo kuchagua. Mdogo wangu data yake ni mnyambuliko wa vitenzi, upatanifu wa irabu na zile zinazokaidi, mfano tega inatoa tegua na siyo tegoa wakati chomeka inatoa chomoa, e haivuti -o- ila o inavuta. Nimemwambia aanze na majirani bila kusita, maana hapo ujirani wa sauti na sauti ndio kila kitu, na mti wa sentensi hautamsaidia kuona kwa nini gombanisha ina i. Kama wewe data yako ni nazali, yaani sauti za puani kama m na n, zinazobeba silabi, mtu, mbwa, nchi, nta, au nafasi tupu zisizotamkwa, basi wasome mapacha wa utawala kwa makini, wale wana vifaa vya kueleza kiti ambacho mwenyewe hayupo, ila kwa kila tabaka utakalochora andika pembeni umelipima kwa nini. Kama ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakotofautisha maneno, ya Kihaya au Kisukuma au lugha yoyote ya kwenu, usianzie kwa yeyote kati ya hao, anzia kwa John Goldsmith na fonolojia vipandesauti huru ya 1976, toni ziko kwenye mstari wake na zinafungwa na silabi kwa nyuzi, halafu ndipo uulize kama nyuzi hizo zinafanana na kitu chochote cha sintaksia. Na kama unataka virai na kiimbo, chukua zote mbili, huna jinsi, unahitaji mti wa sintaksia na unahitaji vipande vya sauti, na unahitaji kurekodi watu wakiongea kwa kawaida, siyo wakisoma orodha.

Mimi ningechagua upya leo ningeanzia kwa majirani, hata kama moyo wangu bado unawapenda mapacha. Ukianza kwa kudhani ni tofauti, kila kufanana unakokuta unalazimika kukupima kabla hujakuamini. Ukianza kwa kudhani ni sawa unachora tu, na mti unakubali kuchorwa juu ya chochote.

Alipoondoka alikuwa ameandika gombeza mstari wa juu, gombanisha mstari wa chini, akazungushia zile irabu kwa kalamu nyekundu. Kafika mlangoni akarudi kuuliza, je pigana ikinyambuliwa hivyohivyo inakuwaje. Piganisha, nikamwambia, lakini hiyo haikusaidii kitu maana shina lina i, ungepata i kwa vyovyote. Tafuta yenye e au o.